Zafarani Isimtoe Mraibu Kwenye Methadoni

Mwandishi wa kombe mjini Unguja hahitaji mtafiti wa kumwambia kwamba zafarani ni dawa. Huiloweka, akachovya kalamu, akaandika aya kwenye sahani nyeupe, kisha akaiosha kwa maji na marashi ili mgonjwa anywe. Siku hizi wengine hutumia rangi ya chakula, maana bei ya zafarani haishikiki. Watu waliokulia katika desturi hiyo wakisikia kwamba zafarani hutuliza ubongo, na hata huwasaidia waraibu wa heroini, huamini upesi. Wauzaji wa dawa mitandaoni wanalijua hilo vizuri.

Habari yenyewe haikuzushwa. Tabibu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliitaja zafarani miongoni mwa vitu vinavyochangamsha moyo. Katika miaka ya 2000, Shahin Akhondzadeh na wenzake wa Tehran waliwapa wagonjwa wa sonona miligramu 30 kwa siku za zafarani iliyotayarishwa maabara. Baada ya wiki 6, hali yao ilikaribiana na ya wenzao waliomeza fluoksetini, dawa ya kawaida ya sonona. Mwaka 2010 wakailinganisha na donepezili, dawa ya ugonjwa wa Alzheimer, kwa wagonjwa 54 katika muda wa wiki 22. Zafarani haikuachwa nyuma, na waliopewa donepezili ndio waliotapika zaidi.

Matokeo hayo yanatia moyo, lakini wagonjwa walikuwa wachache, na majaribio mengi ya aina hii yamefanyika Iran, nchi inayovuna karibu asilimia 90 ya zafarani yote duniani. Mkulima akisifu shamba lake si lazima awe anadanganya, ila ni vizuri jirani naye aonje.

Kwenye arosto, yaani mateso ya mraibu anapokosa dawa aliyoizoea, ushahidi ni mwembamba zaidi. Panya wa maabara aliyezoeshwa morfini, ikizimwa ghafla mwilini mwake, hurukaruka kama aliyekanyaga makaa. Watafiti wa Mashhad, Iran, waliona kwamba krosini, kiini kinachoipa zafarani rangi yake, ilipunguza kuruka huko. Kwa binadamu, jaribio lililochapishwa mwaka 2019 liliwahusu watu 53 wa Iran waliokuwa tayari kwenye methadoni, dawa ambayo waraibu hupewa kliniki badala ya heroini. Waliopewa krosini kwa wiki 8 walipungukiwa na huzuni na wasiwasi kuliko wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Hapo kwenye "tayari kwenye methadoni" ndipo wauzaji wanapoparuka.

Mtu aliyeshikwa na arosto hupiga miayo, hutokwa kamasi na jasho, huhara, mifupa humuuma na usingizi humpaa. Methadoni humtuliza kwa kuwa inakaa kwenye vipokezi vilevile vya ubongo vilivyokuwa vikipokea unga, yaani heroini, na hukaa humo karibu siku nzima. Hakuna aliyeonyesha kwamba zafarani inaweza kazi hiyo. Kinachoelekea kuwa fungu lake ni ule unyonge unaobaki arosto ikishapita, wakati mtu hana furaha ya kitu chochote na kijiwe kinamwita. Hilo si jambo dogo, kwani wengi hurudi kwenye unga wakiwa katika hali hiyo. Lakini anayeacha methadoni ili ajaribu zafarani anacheza na roho yake: mwili ukishasahau unga, kipimo cha zamani kinaweza kumuua siku ya kwanza atakaporudi.

Tena zafarani ipi? Kilo moja hutaka maua kama 150,000, yanayochumwa kwa mkono, kwa hiyo bandia ni nyingi. Nyuzi halisi zikitiwa kwenye maji ya vuguvugu hutoa rangi ya dhahabu taratibu, zenyewe zikabaki nyekundu. Maji yakigeuka mekundu papo hapo, mnunuzi ameuziwa rangi. Na anayedhani kuzidisha ni kupona haraka ajue kwamba kuanzia gramu 5 hivi zafarani huhesabiwa kuwa sumu, na wajawazito hukatazwa kuitumia kwa wingi.

Jirani anayefaa kuonja yupo. Tanzania ilianza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011, Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014, na Zanzibar nayo ina kliniki yake. Kila siku waraibu hufika dirishani na kunywa dozi mbele ya mhudumu, jina likiwekwa alama kwenye rejista. Watafiti wengi wangelipia fedha nyingi kupata wagonjwa wanaoonekana kila siku namna hiyo. Wizara za afya na vyuo vikuu vya tiba vya nchi hizi viombe fedha, viwape nusu ya wanaokubali krosini juu ya dozi yao ya kawaida, na baada ya miezi kadhaa vihesabu ni wangapi wamebaki kliniki.

Matokeo yatakapotoka, yatangazwe hata yakiwa mabaya. Kwa sasa, mwenye ndugu anayekunywa methadoni asimwachishe dozi kwa ajili ya zafarani, na akiona tangazo linaloahidi kumaliza arosto kwa siku chache, amuulize mhudumu wa kliniki kabla ya kutuma fedha.