Tuache kuchekana Kiingereza

Nimekuwa kimya wiki mbili hizi kwa sababu ya tesiti, si mnajua tena kipindi hiki kila mtu anapiga msuli hadi saa nane usiku. Sasa hivi nimekaa kitandani, mwenzangu wa chumbani keshalala, na kuna jambo linanikereketa tangu mchana. Ngoja nilitoe ndipo nami nilale.

Mchana tulikuwa na semina. Jamaa yetu mmoja alipangiwa kuwasilisha kazi ya kikundi chao. Jana yake nilikuwa naye kimbwetani, akatueleza mada yote kwa Kiswahili, tena kwa mifano yake mwenyewe, mpaka sisi tuliokuja kusoma mambo mengine tukafunga madaftari tukawa tunamsikiliza yeye. Leo kasimama mbele, sentensi ya tatu akasema "peoples". Wa nyuma kule wakaangua kicheko. Wala hakikuwa kicheko cha chuki, ni kile kile tulichokizoea toka sekondari mtu akichapia. Lakini kuanzia hapo jamaa akageukia ukutani akawa anasoma slaidi neno kwa neno mpaka mwisho. Hakuongeza kitu. Ile mifano yake yote mizuri iliishia kimbwetani.

Sasa mtu akiniuliza kwa nini sisi tuliokisoma Kiingereza kama somo toka shule ya msingi, tukasomea masomo karibu yote kwa Kiingereza toka kidato cha kwanza, mpaka leo ung'eng'e unatupiga chenga mdomoni, sitamwambia hatujui sarufi. Sarufi tunayo, mitihani tumefaulu, ndiyo maana tuko hapa. Nitamwambia hatuongei. Na hatuongei kwa sababu tunaogopa kuchekwa. Na wanaocheka si Waingereza jamani, ni sisi wenyewe.

Kabla hamjaniona najifanya mtakatifu, ngoja niwaambie la kwangu.

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule moja ya kata huko Kondoa. Nilikuwa nafundisha Jografia na Kiingereza. Siku hiyo kidato cha tatu tulikuwa na mada ya mmomonyoko wa udongo. Wanaoijua Kondoa wanajua kwamba huko mmomonyoko si mada ya kitabuni. Makorongo unayaona kwa macho, mengine yangemeza nyumba. Ndiko ulikofanyika ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika ili ardhi ipumzike. Kwa hiyo watoto niliokuwa nawafundisha habari hii wanaijua kuliko mimi niliyetoka mjini na noti zangu za kudesa.

Nikauliza swali, kwa Kiingereza, maji ya mvua yanafanyaje kwenye mteremko usio na majani. Darasa kimya. Kisha binti mmoja wa dawati la pili akanyoosha mkono. Tangu nifike alikuwa hajawahi kunyoosha. Akasimama akaanza, "The water is carry the soil..." Basi, darasa lote likacheka. Na mimi, mwalimu, nikatabasamu. Sikucheka kwa sauti, lakini nilitabasamu na yeye aliniona. Akakaa chini. Nikamwambia endelea, akasema, "Basi mwalimu."

Jibu lake lilikuwa sahihi. Ndicho kinachoniuma mpaka leo. Maji yanabeba udongo, nani anabisha? Nilimwadhibu mtu aliyejua kwa sababu ya kitenzi. Wiki zote zilizofuata yule binti akikutana nami kwenye korido ananiamkia vizuri, "Shikamoo mwalimu," lakini darasani mkono hakunyoosha tena.

Tatizo letu ni kwamba tumechanganya vitu viwili. Kuna kujua lugha, na kuna kuongea kwa ufasaha bila kukwamakwama. Cha kwanza unaweza kukipata kwa kukariri peke yako chumbani. Cha pili hakipatikani bila mdomo kufanya kazi. Ni kama kuendesha baiskeli: hata ukijua kazi ya pedeli, mnyororo na breki, utaanguka tu mpaka upande.

Hili watu wameliandika zamani. Mwaka 1985 mtaalamu wa Kanada, Merrill Swain, aliandika kuhusu wanafunzi wa kule ambao nyumbani wanaongea Kiingereza lakini shuleni wanafundishwa kwa Kifaransa. Baada ya miaka kadhaa kusikia na kusoma walikuwa wazuri, ila kuongea na kuandika bado walikuwa nyuma ya wenzao wenye lugha. Hoja yake ikawa kwamba kusikia peke yake hakutoshi, mwanafunzi lazima asukumwe naye atoe maneno yake. Nilipoisoma hiyo nikasema kumbe! Hao watoto wa Kanada mbona kama sisi? Tofauti ni kwamba wao angalau walimu wao walikijua Kifaransa vizuri.

Hebu tupige hesabu ya darasa letu la kawaida. Wanafunzi 60, kipindi dakika 40. Tuseme mwalimu ni mtu mwema sana, anaongea nusu tu ya kipindi. Zimebaki dakika 20. Wakiongea mmoja mmoja, kila mtoto anapata sekunde 20, na hapo hatujatoa muda wa kunyamaza, kuchekwa na kufuta ubao. Kwa sekunde 20 nani atajifunza kuongea? Lakini ukiwaambia kila mtu amgeukie mwenzake, ghafla wanaongea 30 kwa mpigo. Huhitaji kompyuta wala mzungu wa kujitolea.

Kuna zoezi moja nalipenda kuliko yote. Lilitolewa na Keith Maurice mwaka 1983, na baadaye Paul Nation wa New Zealand akaliandikia na kulieneza. Wanaliita 4/3/2, na lenyewe liko hivi. Unachukua jambo unalolijua vizuri, mfano jinsi mama anavyopika pilau, au safari yako ya kwanza kuja chuo. Unamsimulia mwenzako kwa dakika nne. Kisha unahamia kwa mwingine, unasimulia lile lile kwa dakika tatu. Kisha kwa wa tatu, dakika mbili. Msikilizaji kazi yake ni kusikiliza tu, hakatizi na hasahihishi. Muda unapungua, kwa hiyo unalazimika kuacha ile "eee... eee...", na kwa kuwa maneno umeshayatafuta mara ya kwanza, mara ya tatu yanakuja yenyewe.

Siri yake ni kurudia. Sisi tumezoea kila siku mada mpya na msamiati mpya, na tukiona mtu anarudia tunasema hana jipya. Lakini mwaka 2011 Nel de Jong na Charles Perfetti walichapisha utafiti wao waliofanya Marekani kwa watu wanaojifunza Kiingereza, wakitumia zoezi hili hili. Waliorudia mada ile ile na waliobadilishiwa mada kila mara wote walionekana kuongea vizuri zaidi wakati wa mazoezi. Ila baadaye, walipopewa mada mpya kabisa, waliobaki na ule wepesi ni wale waliokuwa wanarudia. Kwa hiyo kurudia si ujinga.

Najua kuna watakaonibishia, na wengine nawajua kwa majina.

Wa kwanza watasema: ukiwaacha waongee bila kusahihishwa, makosa yataota mizizi. Hoja hii ina uzito, siidharau. Lakini mimi sijasema tusisahihishe kamwe. Nimesema kuna muda wa kuongea na kuna muda wa kusahihisha, tusivichanganye. Acha mtu amalize habari yake, wewe andika makosa unayoyasikia kwenye karatasi, mwisho wa kipindi yaweke ubaoni bila kumtaja mtu. Yule binti wa Kondoa ningeweza kumwambia, "Vizuri sana, the water carries the soil, halafu udongo unaenda wapi?" Angesikia umbo sahihi na angeendelea kuongea. Ingenigharimu nini?

Wa pili watasema dawa ni kupiga marufuku Kiswahili shuleni. Hii tumeipitia wengi wetu, tunajua mavuno yake. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza kwenye kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi walivyokuwa wakichapwa utotoni kule Kenya au kuvishwa bamba shingoni kwa kosa la kuongea Kigikuyu shuleni. Shuleni kwetu sisi hatukuwa na bamba, kulikuwa na daftari la majina na fimbo za Ijumaa. Mnajua tulichojifunza? Kunong'ona. Ukiwakataza watoto lugha waliyo nayo kabla hujawapa nafasi ya kuizoea ile nyingine, hujawapa Kiingereza, umewapa ukimya.

Wa tatu ni wale wa tuachane na Kiingereza, tufundishe kwa Kiswahili basi. Huo ni mjadala wa siku nyingi. Tume ya Rais ya mwaka 1982 ilishapendekeza Kiswahili kiingie sekondari, na mpaka leo sekondari bado Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia. Mimi binafsi naona yule binti angenieleza mmomonyoko vizuri mno kwa Kiswahili. Lakini hata tukibadili kesho asubuhi, Kiingereza kitabaki kama somo, watoto watakihitaji, na swali litakuwa lile lile: wataongea saa ngapi, na nani atawasikiliza bila kuwacheka?

Sasa turudi hapa kwetu, maana sisi ndio walimu wa miaka miwili mitatu ijayo. Mtu aliyezoea kumcheka mwenzake kwenye semina, siku ya kwanza ya kazi anaingia darasani na kicheko hicho hicho. Hakiachwi getini.

Mimi na wenzangu wanne tumeanza kukutana kimbwetani kila Jumanne na Alhamisi baada ya chakula cha jioni. Simu moja ya kushika muda, basi. Mada nyepesi tu: daladala, bumu kuchelewa, mpira, jinsi ulivyokutana na rafiki yako. Msamiati mgumu marufuku, maana lengo ni kuyafanya maneno uliyo nayo yawe mepesi mdomoni. Na tuna sheria moja: ukicheka mtu, zamu inayofuata ni yako. Wiki ya kwanza mmoja wetu aliongea mara tatu mfululizo kwa sababu hiyo. Siku hizi hacheki.

Sitawadanganya kwamba tumekuwa watangazaji. Bado natafsiri kichwani, na nikikasirika Kiingereza chote kinakimbia. Lakini juzi mhadhiri aliniuliza swali ghafla, nikajibu sentensi tano bila kuangalia daftari, na nilipokaa ndipo nikagundua sikuogopa. Kwangu mimi hiyo ni kubwa.

Nimalizie kwa yule binti. Wiki yangu ya mwisho Kondoa nililijaribu zoezi hili na kidato cha tatu, nikalifupisha liwe dakika tatu, mbili, moja, maana nne kwao ni nyingi. Mstari mmoja unabaki, mwingine unasogea dawati moja. Kelele zilikuwa nyingi mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia dirishani kuona kama kuna mwalimu. Nikapita karibu na dawati la pili. Alikuwa anamsimulia mwenzake habari za ng'ombe wa babu yake waliohamishwa mwaka 1979. Vitenzi vilikuwa vimepinda huku na huku, lakini habari ilikuwa inatembea, na mwenzake alikuwa ameinama anasikiliza. Raundi ya tatu alimaliza kabla ya muda.

Kisha nikauliza nani aje mbele atusimulie wote. Nikamwangalia. Akaangalia daftari lake.

Zoezi lilimpa maneno, lakini tabasamu langu la siku ile lilikuwa bado linafanya kazi. Hilo ni deni langu na sina namna ya kulilipa kwake, labda kwa wale nitakaowafundisha mbele ya safari.

Alhamisi tuna semina tena, na kikundi cha kuwasilisha ni kingine. Atakayesimama atachapia, hilo nina uhakika nalo, hata mimi zamu yangu ikifika nitachapia. Naomba kitu kimoja tu wandugu: tumwache amalize.

Saa saba kasoro sasa. Alamsiki.