Kambi Hii Ni Mtaa wa Juba

Ndugu zangu, na nyie wa mashirika, tuambiane ukweli. Watu walikimbilia kwa UNMISS Desemba 2013. Mwaka 2020 jina likabadilishwa, tukaambiwa hii sasa ni kambi ya wakimbizi wa ndani, iko chini ya serikali. Neno moja tu halikuguswa: "ya muda".

Hilo neno si dogo. Ndilo linaamua nyumba iwe ya turubai na mtaro uwe wa kukwangua kwa jembe. Mvua zikianza Aprili, maji yanafika kwenye godoro. Mtoto aliyezaliwa hapa mwaka ule leo anabeba mdogo wake mgongoni. Muda gani huo?

Eti sisi si watu wa mji. Mbona asubuhi boda zinatupeleka Custom na Konyo Konyo? Tunauza, tunanunua, tunabeba zege. Hata Juba yenyewe iliambiwa ni ya muda: mwaka 2011 serikali iliamua kuhamishia mji mkuu Ramciel. Uko wapi? Huku Gudele watu wamejenga mpaka basi, na bado wengi wananunua maji ya lori kutoka Nile.

Acheni kutupangia kwa miezi. Tuingizeni kwenye ramani ya mji. Mtaro wetu uungwe na mitaro ya mji, vijana walipwe kuuchimba kabla ya Aprili. Anayetaka kurudi kwao atarudi tu. Sijaona mtu aliyekataa kurudi nyumbani kwa sababu ya mtaro mzuri.