Machozi ya Mtoto Si Mali ya Mkubwa

Wapo watu wazima, wenye akili zao timamu, wasemao kwamba kazi ikitoka nzuri haifai kuuliza imetokaje. Mimi siafikiani nao hata kidogo, na ushahidi wangu ni filamu moja ya zamani ya Marekani.

Filamu hiyo ni Skippy, ya mwaka 1931, sinema zilipokuwa zimeanza kusema miaka michache tu nyuma. Inachekesha na kuliza. Skippy ni mtoto wa daktari. Rafiki yake Sooky ni mtoto wa maskini, akaaye katika mtaa wa vibanda ambao baba yake Skippy anataka ubomolewe. Mkamata mbwa wa mji anamkamata mbwa wa Sooky na kudai dola 3. Watoto wanahangaika kuzitafuta, lakini mwishowe mbwa anauawa. Skippy analia.

Kilio hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Aliyeigiza Skippy ni Jackie Cooper, mtoto wa miaka 8. Mwongozaji wake, Norman Taurog, alikuwa amemwoa ndugu wa kike wa mama yake Cooper. Kwetu mtoto angemwita baba. Machozi yalipokataa kutoka, baba huyo alitishia kumpiga risasi mbwa wa mtoto, mbwa wake halisi. Mlinzi mwenye silaha akamwondoa mbwa, na mara mlio wa risasi ukasikika. Mtoto akalia hadi ikabidi anyamazishwe kwa kuambiwa kuwa huenda mbwa bado yu hai, na kwamba akiigiza vizuri wataenda kumtazama. Mbwa alikuwa mzima. Mwezi Novemba mwaka huohuo Taurog alipewa tuzo ya Oscar ya mwongozaji bora.

Tazama kinaya chake, ndugu msomaji. Filamu inatufundisha kumchukia mkamata mbwa kwa kuwa hana huruma na mtoto. Kumbe nyuma ya kamera alikuwapo mkamata mbwa mwingine, naye ndiye aliyepigiwa makofi!

Watetezi watasema mbwa hakufa. Je, mtoto alilijua hilo? Hofu haipimwi kwa ukweli wa tishio, hupimwa kwa imani ya anayetishwa. Watasema pia kwamba Cooper hakuharibikiwa: aliteuliwa kugombea Oscar ya mwigizaji bora akiwa na miaka 9, na ukubwani akawa mwongozaji mwenye tuzo zake. Ni kweli. Lakini mwaka 1981, yapata miaka 50 baadaye, alipoandika habari za maisha yake, kitabu alikipa jina lenye maana ya kuomba mbwa wake asipigwe risasi. Mtu aliyesahau haandiki hivyo.

Nasema haya nami si msafi. Nikiwa mwalimu mkuu, tulitazamia ugeni wa wakaguzi. Mvulana mmoja alikuwa akikwama katika ngonjera. Fimbo sikuigusa. Nilimwambia taratibu kwamba akikosea tena nitamfukuza shule, na barua atampelekea mama yake kwa mkono wake mwenyewe. Siku ya siku hakukosea hata neno. Wageni walisifu, nami nikazipokea sifa. Miaka mingi baadaye tulikutana stendi ya mabasi, yeye mtu mzima mwenye watoto. Alinisalimia kwa heshima zote. Nilipomkumbusha ngonjera ile, alisema haikumbuki. Akaniuliza kama ile barua nilikuwa nimeshaiandika.

Sikuwa nimeiandika. Kwake yeye ilikuwapo.

Baadaye, katika chuo cha ualimu, niliwasikia vijana wakirudia msemo wa samaki kukunjwa angali mbichi. Nawauliza wote waupendao: samaki hukunjwa kwa manufaa ya nani? Tukimfundisha mtoto kwa faida yake, atavumilia ugumu mwingi. Tukimtisha ili sisi tusifiwe, huo si ulezi, ni wizi. Sheria ya California ya mwaka 1939 ililinda sehemu ya fedha za watoto waigizaji wasiibiwe na wazazi wao. Ilikuwa sheria njema. Lakini machozi hayawekwi benki. Mlinzi wake ni mkubwa aliye karibu na mtoto, naye akiwa ndiye mwizi, mtoto amlilie nani?