Pimamaji Moja kwa Wanafunzi Hamsini



Likizo iliyopita mdogo wangu alinionyesha daftari lake la uashi. Yuko kwenye shule moja ya serikali yenye mkondo wa amali, wale wa darasa la kwanza kabisa walioanza Januari 2024. Daftari safi, mwandiko mzuri kunizidi mimi. Amechora mwiko, timazi na pimamaji, kila kimoja na matumizi yake pembeni. Nikamuuliza, "Pimamaji unaisomaje?" Akanijibu kwa kukariri, neno kwa neno. "Umeshawahi kuishika?" Akacheka. "Dada, ipo moja, iko ofisini kwa mwalimu. Na sisi tuko hamsini na kitu."

Najua humu ndani tukisikia neno amali wengi tunajibu haraka: watawala wanataka watoto wa maskini wawe vibarua, watoto wao wawe mabosi. Hata mimi niliwahi kuandika hivyo kwenye grupu. Leo naomba tufikirie upya, kwa sababu tukipinga kitu kizima tunawasaidia walioshindwa kukitekeleza.

Wazo lenyewe si baya. Mtoto wa amali hajifunzi ufundi peke yake. Anasoma pia Hisabati, Kiingereza, Historia ya Tanzania na Maadili. Lengo ni amalize Kidato cha Nne akiwa na ujuzi mkononi, na akitaka kuendelea na masomo aendelee. Kwa nchi ambayo vijana wengi wanaishia Kidato cha Nne na cheti kisichowapa hata kibarua, nani atapinga hilo?

Tena si jambo geni. Mwalimu alitoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Miaka ya 1970 sekondari zikawa na michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu. Waulize wazee waliosoma Ifunda Ufundi, Tanga Ufundi au Moshi Ufundi, bado wanazitaja kwa kujidai. Kule kulikuwa na karakana, mashine na walimu wa fani. Kwingineko kujitegemea kuligeuka kulima shamba la shule kwa jembe ulilobeba kutoka nyumbani. Wazo lilikuwa moja, tofauti ilikuwa vifaa na walimu.

Sasa tutaambiwa hela hakuna. Hapa niwape kidogo cha darasani kwetu. Kuna Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, Sura ya 82. Chini yake mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi analipa tozo ya kuendeleza ujuzi kutokana na mishahara anayolipa. Mwaka 2023 tozo hiyo ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Jina lake linasema wazi ni ya ujuzi. Lakini kwa mgawanyo uliozoeleka, VETA wanapata theluthi moja tu, theluthi mbili zinaingia Hazina. Kwa hiyo hoja yetu isiwe "amali ifutwe". Iwe hivi: sheria irekebishwe, sehemu ya hizo theluthi mbili itengwe kwa ajili ya karakana za shule za amali, na isiguswe kwa jambo lingine.

Na muda hautusubiri. Kundi la mdogo wangu linamaliza 2027. Mwaka huohuo watamaliza msingi kwa pamoja darasa la saba la mwisho na darasa la sita la kwanza la mfumo mpya, halafu Januari 2028 makundi yote mawili yanaingia Kidato cha Kwanza. Kama leo watoto hamsini wana pimamaji moja, siku hiyo itakuwaje?

Tusiishie kulalamika mtandaoni, jamani. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia yeyote anaweza kuiandikia taasisi ya umma kuomba taarifa, na taasisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Huhitaji wakili, unahitaji karatasi na kalamu. Chagua shule ya amali iliyo karibu na kwenu, mwandikie mkurugenzi wa halmashauri, uliza mambo matatu: wanafunzi wa amali ni wangapi, walimu wa fani ni wangapi, na vifaa vilivyopo karakana ni vipi na vinafanya kazi? Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ubaki nayo. Majibu mpe diwani wako, hata kama si wa chama chetu, aende nayo kwenye baraza. Wakikaa kimya, ukimya huo nao tutaupeleka kwenye mikutano yetu.

Na sisi wenyewe tujirekebishe. Tuache kumtania mtu kwamba "umefeli, kawe fundi". Tukilifanya jina la fundi kuwa tusi, hakuna waziri atakayeona aibu kuiacha karakana tupu.

Likizo hiyohiyo mdogo wangu alienda kubeba zege mtaa wa pili apate hela ya madaftari. Siku ya tatu fundi mmoja mzee alimpa pimamaji, akamwambia apime kozi aliyomaliza kupanga. Jioni alirudi na saruji mpaka kwenye kope, anatusimulia kipovu kilivyokataa kukaa katikati, na jinsi alivyolijua mwenyewe tofali lililolala. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa huko shule mnafundishwa nini?"

Mdogo wangu akaniangalia mimi. Sikuwa na jibu, ila kesho yake niliandika barua. Na wewe andika ya kwenu.

Mwandishi ni mwanachama na mwanafunzi wa sheria.