Staa, Land Rover siyo pochi!

Picha imepigwa Kigamboni, jua linazama, mawimbi yanagusa tairi. Juu ya boneti ya Land Rover 109 iliyopakwa rangi ya maziwa amekaa msanii mmoja mkubwa wa hapa mjini (jina kapuni), miwani usoni, miguu peku. Chini kaandika: "Maisha ya porini." Laiki zikamiminika mpaka simu ikapata joto.

Ambalo picha haikuonyesha ni lori lililokuwa limeegeshwa nyuma ya minazi. Land Rover ilifika ufukweni imebebwa, ikashushwa, ikasukumwa na vijana wa palepale mpaka kwenye maji, ikapigwa picha, ikapakiwa tena. Haikuwashwa hata mara moja. Vijana waliosukuma ndio waliovujisha video, maana waliahidiwa hela ya soda na soda yenyewe hawakuiona. Na hiyo "pori" ni mwendo mfupi tu kutoka kwenye pantoni.

Hakuna ubaya mtu kupenda gari la zamani. Oktoba 2024 Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover, magari yalijitokeza kwa mamia, mengine yana umri mkubwa kuliko madereva wake, yakaunga msafara barabarani huku watu wakipiga vigelegele. Yale yalikuwa magari yanayotembea. Shida ni hii fasheni mpya ya mastaa kuligeuza gari la kazi kuwa pochi: linatoka likiwa na kamera, linarudi kabatini.

Kwanza hayo maji ya chumvi. Mjini kuna imani kwamba Land Rover haishiki kutu, na hiyo ni kweli nusu. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza chuma kilikuwa bado cha mgawo kwa sababu ya vita, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa alumini. Lakini chesisi ni chuma! Ni kama boksi refu lenye uwazi ndani. Maji ya bahari yakiingia humo, chumvi inabaki, inakula kimyakimya, na nje huoni kitu mpaka siku fundi anagonga kwa nyundo na nyundo inazama. Hata alumini yenyewe, pale inapogusana na chuma ikapata chumvi, inageuka unga mweupe. Mwenye gari la kila siku angelipeleka kuoshwa chini kwa maji ya bomba jioni ileile. La staa lilirudi likafunikwa turubai, likisubiri posti nyingine.

Na kusimama nako kunaua gari. Sili zinakauka, silinda za breki zinaganda, tangi linakusanya maji, tairi zinalalia upande mmoja. Mtu anadhani analitunza, kumbe analizika taratibu.

Sasa mlinganishe na DJ mmoja wa Tabata (naye jina kapuni, ingawa wanaopita Mandela asubuhi wanamjua kwa moshi). Anaendesha Land Cruiser BJ40, ile ya dizeli ya miaka ya 1970. Anaenda nayo kazini, sokoni, msibani. Haina kiyoyozi, haina pawa stelingi, kwa hiyo kwenye foleni ya Buguruni anakata kona kwa mabega na jasho. Breki zake za dramu zikilowa zinavuta upande mmoja, basi akitoka kwenye dimbwi anakanyaga kidogokidogo zikauke kabla hajaongeza mwendo. Hilo hakulisoma popote. Wikendi anapakia mke, watoto na chupa ya chai wanaenda Pugu au Bagamoyo, na likizo wanapandisha Lushoto na godoro nyuma. Safari moja tangi lilitoboka njiani, akaziba kwa sabuni ya mche, wakafika.

Huyu ndiye staa alimcheka kwenye laivu. Eti "namba A hiyo, kaka, tupa kule." Maneno hayo yametoka kwa mtu ambaye gari lake linatembea kwa miguu ya lori!

Mashabiki watasema ni wivu, pesa ni yake, gari ni lake. Sawa, gari ni lake. Ila kuna fundi wa Gerezani aliyeifufua hiyo 109 kutoka kwenye majani ya uani. Alichomelea chesisi, akahangaika kutafuta vile vioo vya kuteleza, akafumua waya zote akaanza upya. Kazi ya miezi. Alilipwa nusu, nusu nyingine akaambiwa atapewa promo. Promo yenyewe haijaja mpaka leo. Kwenye picha ya Kigamboni aliyepaka rangi ya kucha ametajwa, fundi hayupo. Watoto wa fundi hawali laiki, na ada haipokelewi kwa promo.

(Na wale wanaodai Land Rover iliyowekewa injini ya Toyota au Isuzu siyo Land Rover tena, nao wapumzike kidogo. Fundi anayefanya gari litembee amelitendea haki kuliko mwenye "orijino" lililolala.)

Kibaya zaidi ni vijana wanaoiga. Staa kapiga picha nyingine amesimama juu ya keria, mikono imetanuliwa, gari limesimama tuli. Wafuasi wake hawajui kwamba limesimama. Wikendi barabara ya Bagamoyo utawaona, watu watano juu ya keria, mmoja ananing'inia mlangoni na simu, gari linakimbia. Gari lenyewe refu kwenda juu, uzito wote uko juu, breki za zamani, viti vya nyuma vya kutazamana havina hata mkanda. Bodaboda akichomoza ghafla pale, dereva atashika breki na walioko juu watatangulia mbele. Mtu anayeendesha gari la aina hiyo kila siku hawezi kupandisha watoto wa watu juu, kwa sababu anajua linavyosimama. Asiyeendesha atajulia wapi?

Kwenye laivu ileile shabiki mmoja aliuliza: kile kitasa cha njano pembeni ya gia ni cha nini? Staa akacheka, akajibu ni cha taa, akahamia kwenye stori ya wimbo mpya. Kitasa kile ukikibonyeza chini tairi za mbele nazo zinavuta, ndicho kinachokutoa kwenye mchanga. Fundi angemwambia. Yuko palepale Gerezani, na nusu ya pesa yake bado anaidai.