Nani Ana Haki ya Kuvaa Jezi ya Harambee Stars?

Naomba nafasi nitoe dukuduku lililonikaa kifuani tangu muhula uliopita. Katika mjadala wa chama chetu kuhusu lugha ya taifa, msemaji mmoja alisema kwa kishindo kwamba mchezaji asiyeweza kuimba Wimbo wa Taifa kwa Kiswahili hafai kuivaa jezi ya Harambee Stars, hata awe na miguu ya dhahabu. Alikuwa anawasema hawa vijana waliozaliwa Ulaya ambao huitwa kuja kuichezea Kenya. Makofi yalipigwa hadi madirisha yakatetemeka. Mimi nakipenda Kiswahili kama yeye, pengine kumshinda, lakini kwa hoja hiyo nampinga kabisa.

Kwanza tukubaliane mgeni ni nani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 14, yasema mtu ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa, mama yake au baba yake alikuwa raia wa Kenya. Haisemi lazima azaliwe Pumwani au Msambweni. Azaliwe Oslo, azaliwe London, azaliwe ndani ya ndege, maadamu mzazi mmoja ni Mkenya, naye ni Mkenya. Huyo haombi uraia na wala hafanyiwi hisani. Anachotaka ni karatasi tu ya kuthibitisha kitu ambacho tayari anacho.

Asiye na mzazi wa hapa ana sheria yake. Sharti awe ameishi nchini kihalali miaka 7 mfululizo ndipo aombe kuandikishwa kuwa raia, na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inamtaka awe anaelewa na kuzungumza Kiswahili au mojawapo ya lugha za wenyeji. Mnaona mambo hayo? Kiswahili ni mtihani wa mgeni. Mtoto wa nyumbani hafanyi mtihani ndipo afunguliwe mlango wa kwao. Hata hapa shuleni wapo wanaopata D katika Kiswahili kila muhula (siwataji, wanajijua) na sijasikia mwalimu akisema wavuliwe uraia.

Na huo Wimbo wa Taifa wenyewe una maneno rasmi ya Kiswahili na ya Kiingereza pia. Sauti yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana wa kubembelezea watoto. Mama wa Kipokomo aliyekuwa akimlaza mwanawe kwa sauti ile alimwimbia Kipokomo. Je, naye tumwambie si Mkenya?

Sasa tuje kwa Divock Origi, maana kila mjadala wa namna hii huishia kwake. Baba yake, Mike Okoth Origi, aliichezea Harambee Stars, kisha akaenda kusakata kabumbu ya kulipwa nchini Ubelgiji. Divock alizaliwa huko, mjini Ostend, mwaka 1995. Klabu ya Genk ndiyo iliyomfunza mpira tangu akiwa mtoto mdogo. Tarehe 22 Juni 2014, uwanjani Maracanã, akiwa na miaka 19 tu, alitikisa wavu wa Urusi katika dakika ya 88 na Ubelgiji ikashinda 1-0 katika Kombe la Dunia. Kenya haijawahi kucheza fainali za Kombe la Dunia hata siku moja. Basi Wakenya tukaruka juu, kijana wetu! kijana wetu! Kisha tulipotulia, wengine wakaanza kulalama, eti mbona aliwachagua Wazungu?

Mimi nauliza, tulikuwa tumemwachia mlango gani wazi? Chini ya katiba ya zamani, iliyotumika hadi Agosti 2010, mtu mzima hakuruhusiwa kuwa raia wa Kenya na wa nchi nyingine kwa wakati mmoja. Kijana aliyezaliwa na uraia wa nchi mbili, akishafika umri wa kuwa mtu mzima, alitakiwa kuutupa mmoja. Fikiria wewe mwenyewe ni mchezaji chipukizi huko Ubelgiji, umelelewa na klabu ya huko, halafu Kenya inakuambia tupa pasipoti yako ndipo uje kwetu. Ungekuja? Na mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa watoto wa akina mama. Mama Mkenya akizaa ng'ambo na mume mgeni, mtoto hakurithi uraia wa Kenya kwa mama. Ni baba pekee aliyeweza kumrithisha. Kwa miaka mingi tulikuwa tunawafungia nje watoto wetu wenyewe, kisha tunawalaumu kwa kutoingia.

Origi alikuwa na miaka 15 katiba mpya ilipopita, na alipokwisha kucheza Kombe la Dunia kwa jezi ya Ubelgiji mambo yalikuwa yamekwisha. Sheria za FIFA hazimruhusu mtu kuruka kutoka timu moja ya taifa hadi nyingine kama nzige. Ila siku hizi, tangu mabadiliko ya 2020, kuna nafasi kidogo kwa kijana aliyecheza mechi chache sana kabla ya kufika miaka 21.

Wenzetu walioamka mapema wamevuna. Morocco ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2022, ikiwa timu ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo, wachezaji 14 kati ya 26 walikuwa wamezaliwa nje ya Morocco. Achraf Hakimi alizaliwa Madrid, mji mkuu wa Uhispania, naye ndiye aliyepiga ile penalti ya mwisho, ya kudokoa tu, iliyoitoa Uhispania. Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Roberto Lopes wa Cape Verde. Huyu alizaliwa Dublin kule Ireland, baba yake akiwa mtu wa Cape Verde. Kocha alimwandikia kwa Kireno kupitia LinkedIn. Lopes hakujua Kireno, akadhani ni barua za matapeli, akaiacha hapo miezi kadhaa. Alipoandikiwa tena ndipo akatafuta tafsiri na kugundua kwamba alikuwa anaitwa timu ya taifa! Oktoba 2025 Cape Verde, nchi yenye watu kama nusu milioni tu, ilifuzu kwa Kombe la Dunia la 2026, na Lopes akiwa nguzo ya ulinzi. Lau wangemfanyia mtihani wa lugha wangempoteza.

Najua jibu la wapinzani wangu. Watasema, je, kijana wa hapa anayecheza kwa miguu mitupu katika uwanja wa vumbi, anyang'anywe nafasi na mtu wa kuletwa kwa ndege? Hoja hii naiheshimu. Agosti 2025, katika michuano ya CHAN ambayo ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani pekee, vijana wetu waliipiga Kongo ya Kinshasa 1-0, wakaipiga Morocco 1-0 huku tukiwa na wachezaji 10 uwanjani, na Morocco hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kutwaa kombe. Sisi tulitolewa robo fainali na Madagaska kwa penalti. Kwa hivyo asije mtu akaniambia vipaji havipo hapa. Kijana anayekalia benchi katika timu ndogo huko Ulaya asipewe namba kwa sababu tu anatoka Ulaya. Kocha awapange kwa mchezo wao. Lakini hilo ni jambo la nani anacheza vizuri, wala si la nani ni Mkenya. Tusiyachanganye.

Hapa sasa ndipo ninapoachana na wale wa upande mwingine kabisa, wanaotaka kila mgeni mwenye mguu mzuri apewe pasipoti. CAF ilizipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa fainali za Afrika za 2027, na tangu hapo nawasikia watu vibandani wakisema tutafute Wabrazili wawili watatu tuwaandikishe upesi, tusije tukaaibika nyumbani.

Mchezo huo si mpya. Mwaka 2004 Qatar iliwataka Wabrazili waliokuwa wakicheza Ujerumani, akiwemo Ailton aliyekuwa akifunga mabao kama mvua kule Werder Bremen, ilhali hawakuwa na uhusiano wowote na Qatar. FIFA ikaingilia haraka na kuzuia. Leo mtu mzima asiye na mzazi wala babu au bibi aliyezaliwa katika nchi fulani, naye mwenyewe hakuzaliwa huko, lazima aishi huko miaka 5 ndipo aichezee. Malaysia nayo Juni 2025 iliitandika Vietnam 4-0, watu wakacheza ngoma. Septemba mwaka huo FIFA ikatangaza kwamba hati za wachezaji 7 zilikuwa za kughushi: babu na bibi zao waliodaiwa kuzaliwa Malaysia walikuwa wa Argentina, Brazil, Uhispania na Uholanzi. Wachezaji wakafungiwa miezi 12 na chama chao kikatozwa faini ya faranga 350,000 za Uswisi.

Msidhani ni mambo ya mbali. Jirani zetu Rwanda waliitoa Kongo ya Brazzaville mwaka 2014 katika mechi za kufuzu, kisha CAF ikaiondoa Rwanda mashindanoni kwa sababu mshambulizi wao alikuwa na majina mawili na pasipoti mbili. Rwanda aliitwa Daddy Birori, na katika klabu yake ya Vita huko Kinshasa aliitwa Etekiama Agiti Taddy. Timu nzima ilitoka kwa karatasi za mtu mmoja. Tanzania nao, Januari 2025, wachezaji watatu wa Singida Black Stars kutoka Ghana, Ivory Coast na Guinea walipewa uraia, na mjadala ukawaka nchi nzima, maana Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili na raia wengi walitaka kujua jinsi uraia ulivyopatikana.

Sisi Wakenya tena ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kununua, kwa kuwa tumewahi kununuliwa tukaona uchungu wake. Stephen Cherono aliondoka mwaka 2003 akawa Saif Saaeed Shaheen wa Qatar, na mwaka huo huo mjini Paris akatunyang'anya dhahabu ya mbio za kuruka viunzi na maji, mbio ambazo tulizihesabu kuwa shamba la babu. Ndugu yake, Abraham Cherono, alikuwa katika mbio hizo hizo akiwa amevaa jezi ya Kenya! Mwaka 2016 Ruth Jebet akaipatia Bahrain dhahabu ya Olimpiki, na mwaka 2024 Winfred Yavi akafanya vivyo hivyo, sisi tukabaki na shaba. Siwalaumu wakimbiaji, kila mtu na riziki yake. Ila sikumbuki kumsikia Mkenya aliyefurahia.

Kuna sababu nyingine, na hii kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Huku kwetu Kwale tunajua thamani ya karatasi ya uraia. Wamakonde walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, wengine wakikimbia vita. Wakazaa hapa, watoto wao wakazaa hapa, wakazikana hapa. Na miaka yote hiyo hawakuwa na kitambulisho. Bila kitambulisho hupigi kura, hufungui akaunti benki, husajili hata laini ya simu. Oktoba 2016 walichoka, wakashika njia kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais, wazee kwa vijana. Mwaka 2017 ndipo walipopewa vitambulisho na kuhesabiwa kuwa kabila la 43. Wapemba wa Kilifi walingoja hadi 2023.

Chukua kijana wa Kimakonde wa mwaka 2010, mzaliwa wa hapa, anayezungumza Kiswahili kitamu kuliko changu, mwenye chenga za kumlaza beki chini. Harambee Stars wangemwita asingeweza kupanda ndege, kwa kuwa pasipoti angeitoa wapi? Sasa mtu aniambie kwamba ofisi zile zile zilizomwambia babu wa kijana huyo njoo kesho kwa zaidi ya miaka 50, ziweze kumwandikisha mshambulizi aliyeshuka ndege Jumatatu ili Ijumaa acheze. Hilo sitalikubali hata tukifungwa mabao 6 nyumbani.

Kwa hivyo ninachotaka ni hiki. Mtoto wa Mkenya aliyeko ng'ambo atafutwe mapema, akiwa na miaka 15 au 16, si mwezi mmoja kabla ya mashindano, na balozi zetu zimpe hati zake bila kumzungusha. Hati hizo zikaguliwe hadi cheti cha kuzaliwa cha mzazi, tusije tukawa Malaysia. Mgeni asiye na damu ya hapa akae miaka yake 7 kama sheria isemavyo, ajifunze Kiswahili, na akishaandikishwa asiitwe mgeni tena na mtu yeyote, hata akikosa penalti. Aliye na hoja ya kunipinga aandike, kurasa za toleo lijalo ziko wazi.