Kumrudisha Samaki Majini Si Kumwokoa

Kila Agosti, katika maji ya kina kifupi ya pwani ya Florida, wavuvi wa burudani hunasa samaki, huwapiga picha, huwarudisha majini, kisha huenda zao wakiamini kwamba hawajaua kitu. Imani hiyo imekolea kiasi kwamba anayebeba samaki mmoja wa kitoweo huonekana mharibifu, na aliyenasa hamsini akawaachia wote husifiwa kuwa mlinzi wa bahari. Ni imani potofu, na mwishoni mwa kiangazi madhara yake huzidi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tume inayosimamia uvuvi wa majimbo ya pwani ya Atlantiki ya Marekani hukadiria kwamba asilimia 8 ya redifishi wanaorudishwa majini hufa. Kwa makadirio hayo, aliyeachia hamsini ameua wanne. Hakuwaona, kwa kuwa hawakufia mikononi mwake.

Joto huongeza hatari. Maji ya bahari yenye nyuzi 20 za Selsiasi huweza kubeba takriban miligramu 7.4 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, hubeba kama 6.2 tu. Wakati huohuo mwili wa samaki hudai oksijeni zaidi kadiri maji yanavyopata joto. Anayevutana na mshipi katika hali hiyo hutumia nguvu ambazo maji hayawezi kumrudishia upesi. Na joto la huko si la mchezo: Julai 2023, kipimo cha Manatee Bay, kusini mwa Florida, kilisoma nyuzi 38.4.

Wengi hujitetea kwamba wao huvua alfajiri, maji yakiwa yamepoa. Yamepoa kweli, lakini penye nyasi za bahari alfajiri ndiyo saa ya oksijeni haba kuliko zote. Mchana nyasi hizo huizalisha kwa nguvu ya jua. Usiku nazo huitumia pamoja na viumbe wengine, hadi kunapambazuka imebaki kidogo.

Kisha kuna papa. Katika mlango wa bahari wa Boca Grande, Florida, papa vichwa-nyundo huwafuata taponi waliochoshwa na mishipi. Huko Bahamas, watafiti walibaini kwamba bonifishi walioachiwa wakiwa wamepoteza mizani walikuwa na uwezekano zaidi ya mara sita wa kuliwa kuliko wenzao walioondoka wakiogelea sawasawa.

Sheria peke yake haitoshi. Kwenye pwani ya Ghuba ya Florida ni marufuku kubeba snuki kuanzia Mei hadi mwisho wa Agosti, miezi wanayokusanyika kuzaliana. Lakini kuwanasa na kuwaachia kunaendelea. Samaki anayepaswa kutaga mayai huburuzwa hadi chomboni, tena kihalali.

Hakuna anayedai kwamba samaki wote wabebwe. Kumwachia samaki ni bora kuliko kumuua, na kwa wadogo mno au wakubwa mno ni lazima kisheria. Kosa ni kuugeuza uachiaji kuwa ruhusa ya kunasa bila kikomo.

Mvuvi anayeijali bahari atumie mshipi wenye nguvu ili pambano liishe upesi, na aichomoe ndoana samaki akiwa bado majini, kama Florida inavyotaka kwa taponi wanaozidi inchi 40. Papa wakijitokeza, aondoke. Ajiwekee kikomo cha samaki anaowanasa, si cha wale anaowabeba tu, na siku maji yanapokuwa ya moto asitupe ndoana kabisa. Manahodha wanaopeleka wageni kuvua waanze wao: waache kuipima siku njema kwa wingi wa samaki walionaswa, na wawaeleze wateja wao wazi kwamba baadhi ya samaki walioachiwa watakufa.